Udongo Wenye Mdomo

Tarnagulla, Victoria. Mvua ilipita jana,
na Ailsa Trevorrow anasema siku imeharibika:
udongo uliolowa una mdomo.

Mimi nabeba sururu. Yeye habandukani na mashine,
sahani nyeusi mwisho wa fimbo,
masikioni vipokea sauti vya marehemu mumewe
vilivyogangwa kwa utepe wa fundi umeme.

Kwanza huipa mashine somo.
Huiinua, huishusha, huiinua juu ya kiraka kitupu
kama mtu apozaye uji,
mpaka ile sauti nyembamba ya mbu itulie,
isipande, isishuke.
"Naifundisha kawaida ya hapa."
Hatua kumi mbele, kawaida imebadilika.

Ardhi hii ina chuma hadi kwenye uboho.
Chuma kimeoza, kimekuwa wekundu,
kimekuwa mchanga mweusi kwenye mikunjo ya korongo,
kimekuwa mawe ya kahawia, mazito, ukubwa wa yai,
ambayo ukiyapitia
yanalia kama dhahabu.

Asubuhi nzima nimechimba.
Jiwe. Jiwe. Msumari wa kiatu. Jiwe.
Debe tupu haliachi kuvuma, sawa,
ila hapa hata debe halipo
na bado panavuma.
Tena hakuna king'aacho cha kutudanganya macho.
Kuna kiliacho tu.

Nikamwambia: kuna kitufe hapo. Punguza.

Akavua vipokea sauti, akaviweka shingoni.
"Keverne alipunguza.
Alichoka kelele. Miaka kumi na mmoja
alipita juu ya kilima kile cha mawe meupe
na mashine imetulia kama mtoto aliyenyonya.
Udongo ukinyamazishwa,
kilichomo nacho hunyamaza."

Baada ya maziko alikwenda yeye,
sauti imefunguliwa yote,
mwendo wa kinyonga, kelele mpaka jino likamuuma.
Gramu ishirini na tatu. Kina cha kiganja.
Pale pale Keverne alipokuwa akiegesha gari.

Hakuiuza. Imo kwenye bakuli la sukari,
na wageni huonywa.

Sasa anasimama. Anapitisha sahani kushoto, kulia,
tena kulia, polepole.
"Chimba."

Jiwe.

Analipangusa kwa kidole gumba, analitia mfukoni.
"Huyu," asema, "nilikuwa simjui."