Harusi Iliyovunjika

Oulu, Januari. Pampu ya maji moto ya mtaa wa Tuira
huzimika kila usiku wa tisa,
na Aulikki, soksi juu ya soksi, anasoma msimbo
wa mtu aliyekwisha staafu.

Anayefaulu humu ni muungwana:
huazima, hutumia, hurudisha, huaga.
Shida ni anayeshindwa.
Mstari wa 212: kihisi hakikujibu,
rejesha hasi moja, kwaheri,
na baiti sitini na nne zabaki ngumini mwa marehemu.

Sitini na nne tu. Lakini baridi ikizidi
kihisi hunyamaza mara kwa mara,
haba na haba,
hadi kibaba kinapasuka.

Kukopa arusi, walisema.
Hawakusema lolote juu ya arusi iliyovunjika,
viti vya watu vikabaki uani, mvua inanyesha.

Chini kabisa anaandika lebo: toka.
Kila kushindwa kupitie hapa,
cha mwisho kuchukuliwa kitangulie kurudi.

Kisha anachomoa waya wa kihisi kwa mkono wake,
anaulazimisha mfumo ushindwe, mara elfu,
akiitazama namba ya kumbukumbu
isiyopanda.

Usiku wa kumi.
Mabomba yanakoroma.