Betri ya Saba

Umeme ulipokatika Katuba
hakuna aliyeshangaa.
Jirani alipapasa kutafuta kiberiti,
mwanawe akihesabu kwa sauti, moja, mbili,
mwali ukatokea kwenye sita.

Mimi nilikuwa mezani na maiti zangu:
betri za simu zilizovimba kama maandazi,
za pikipiki, moja ya gari la padri,
na kipimo cha volti alichoniachia baba,
sindano yake hutetemeka kabla ya kusema kweli.
Hii ina uhai. Hii haina.
Hii inadanganya.

Kaka yangu Numbi anapakia magunia barabara ya Likasi.
Unga wa kobalti, anasema, mzito kuliko wa mahindi,
na hausongi bukari.
Anarudi na vumbi kwenye nyusi
kama mtu aliyezeeka tangu asubuhi.
Namuuliza: yameenda wapi?
Ananionyesha kusini kwa kidevu.
Kasumbalesa, foleni ya malori, siku nne,
halafu bandari, halafu maji, halafu sijui.

Sijui:
ndilo jina la nchi inayotununua.

Mwezi wa sita Sijui iliturudishia kitu.
Sanduku jeupe kwenye kioo cha duka, katikati ya mji,
bei yake mishahara mitano ya Numbi, bila waya.
Aliingia, akaligusa ubavu.
"Nilikubeba mgongoni," akaliambia,
"leo hunijui?"
Mlinzi akatutoa nje, kwa adabu, lakini akatutoa.

Wanasema kinyozi hajinyoi.
Sawa. Ila kinyozi wembe anao mfukoni.
Sisi wembe tuliuuza ungali jiwe,
sasa tunasimama dirishani na ndevu zetu.

Ndiyo maana mwalimu Kyungu aliponiita
nilipanda hadi Kasapa na kipimo changu kwenye kikapu.
Chumba nyuma ya maabara, paa linavuja mahali pawili.
Chansa wa Kipushi anasaga unga, kitambaa puani.
Fundi Mulenga ametoka Kitwe,
mashine ya kubana ameivusha mpakani
ndani ya gunia la viazi,
na forodha, anaapa, wamelipisha viazi.
Yeye husema ubwali, sisi bukari;
saa sita mchana sufuria ni moja
na mkono wake ndio wa kwanza.

Betri ya kwanza ilivimba.
Ya pili ikavuja, ikatoboa meza.
Ya tatu hadi ya sita, tusizungumze.
Ya saba tuliifunga kamba kwenye baiskeli,
tukaisukuma mpaka zahanati ya Kisanga,
tukaining'inizia taa moja juu ya kitanda cha uzazi.

Iliwaka saa moja ya usiku.
Mkunga Kabange hakusema asante,
alisema, "Sogezeni ngazi, mnanizibia."
Tulikaa nje kwenye tofali, wanne,
tukitazama dirisha lile
kama watu wanaopika maziwa.

Saa saba na dakika arobaini, giza.
Kabange akamalizia kwa tochi ya simu, akitutukana
kwa Kiluba, kwa Kifaransa, kwa lugha nyingine sikuitambua.
Halafu tukasikia kilio, chembamba, kikali.
Mtoto hakupewa jina la betri. Acheni hayo.

Kwenye daftari niliandika: saa sita, dakika arobaini.
Mwalimu akapiga mstari chini, mara mbili,
kalamu ikatoboa karatasi.

Nilirudi Katuba alfajiri.
Numbi alikuwa uani, hajalala au ndiyo ameamka,
anakohoa kile kikohozi chake.
Nikamweleza yote, hata matusi.
Hakucheka.
Alitandaza gazeti la zamani juu ya saruji,
akavua shati, akalikung'uta polepole,
mikono, kola, mifuko,
akapangusa nyusi kwa kidole gumba.
Akakunja gazeti mara nne, akanipa.

"Ya nane," akasema,
"anzeni na hii.
Hii haijavuka."