Aliyeketi Kwanza

Gogo la mvule lilifika Mparo
mabegani mwa watu sita, wakihema.
Rwabudongo akalizunguka mara mbili,
akaligonga kwa kifundo cha kidole
kama mtu abishaye hodi kwa mkwe.

Agizo: kigoda cha mkuu wa jimbo.
Miguu minane, duara chini,
kimo kipungue kiganja kimoja
kwa kile anachokalia Omukama.
Kiganja kimoja tu! Humo ndimo zilimokaa
ng'ombe, hukumu, na shingo za watu.

Siku kumi na nne tezo lilisema peke yake.
Kisha kazi ikashuka kwa mkewe, Nyamahunge,
na majani yake ya msasa.
Alisugua mpaka mti ukaacha kuwa mti,
ukateleza kama shingo ya ndama
aliyelambwa na mama yake.
Samli. Moshi kidogo. Samli tena.

Ila mguu wa sita ulikuwa mbishi.
Kigoda kiliyumba, kidogo tu,
kama mlevi anayejifanya mzima;
na kigoda kinachoyumba chini ya mkuu
humwangusha fundi kwanza.

"Keti," mume akasema, usiku, mlango umefungwa.
"Mimi?"
"Nikikalia mimi, siuoni mguu."

Akaketi.
Ana mimba ya miezi saba,
ana unga wa ulezi viganjani.
Mume akalala kifudifudi na kienge cha moto,
shavu vumbini, akiuchungulia ule mguu,
na lau ungepita ungedhani
ni mshitakiwa mbele ya mwenye jimbo.
"Egemea kushoto." Akaegemea.
"Haya, cheka."
Akacheka.
Kigoda kikatulia.

Asubuhi kikafungwa kwa nguo ya gome, kikaenda.
Malipo: mafurushi mawili ya chumvi ya Kibiro.
Wakatandika ngozi ya chui, ngoma zikalia,
mkuu akajishusha taratibu,
na mpambe akatangaza kwa sauti
kwamba hapo hapajapata kukaliwa na mtu.

Bibi hunisimulia haya akimenya viazi,
juu ya kigoda cha jikoni chenye ufa.
"Mle tumboni alikuwa mama yangu, Abwooli.
Basi ukoo wetu nao umewahi kutawala jimbo,
kwa urefu wa kicheko kimoja."

Kisha hunyoosha mguu wenye ganzi,
na kunituma maji.