Omba Nne, Upate Kumi na Moja

Mwaka huu Krismasi imeangukia Alhamisi,
na karakana nzima ya reli, Tabora, imegeuka darasa la hesabu.
Alhamisi na Ijumaa ni za serikali.
Jumamosi na Jumapili ni za Mungu.
Jumatatu mpaka Jumatano unaomba,
Alhamisi Mwaka Mpya, Ijumaa unaomba tena,
halafu wikiendi inakusindikiza:
omba nne, upate kumi na moja.
Msabaha wa stoo, aliyefeli hisabati mara mbili,
ndiye aliyeivumbua.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Jalada lake limekula grisi na vidole vya watu.
Safu ya kwanza jina, ya pili sababu,
ya tatu siku, ya nne sahihi ya bosi.
Sababu zote ni mama mgonjwa.
Desemba akina mama wa nchi hii huugua kwa pamoja
wakapona tarehe tano.

Lakini treni haijui Alhamisi.
Inatoka Dar imechelewa,
inaingia hapa usiku, kumbikumbi wameizonga taa ya stesheni,
na lazima mtu ashuke relini aikate vipande:
haya ya Mwanza, haya ya Mpanda,
haya ya Kigoma.

Mtu huyo ni Ruhuza.
Mwaka jana aliomba nne, akapewa nne.
Ya kwanza aliilalia behewani, kichwa juu ya gunia la michembe.
Ya pili ni Kigoma mpaka Kasulu,
na kutoka Kasulu pikipiki, tope mpaka magotini,
akafika kwao wali umeshaliwa, sufuria zimeshafudikizwa,
mwanawe akamwamkia, "Shikamoo mjomba."
Wakacheka wote. Naye akacheka.
Ya nne ilikuwa ya kurudi.
Nilipomuuliza ile ya tatu aliifanyia nini
akafikiri kidogo, akafuta mikono kwa tambara.
"Nilikaa," akasema. "Nilikaa kitini kabisa, dada. Mchana."

Zamu zake alizishika Kapaya,
ambaye Krismasi kwake ni siku ya kufua.
Haya hayaandikwi popote.
Ruhuza anadaiwa Idd mbili tangu mwaka juzi,
mwezi ukiandama atazilipa, usiku, kwa tochi na filimbi,
na sijawahi kuona deni linalolipwa bila kelele kama hilo.

Jana bosi alilipekua daftari
akasimama kwenye jina la mwisho.
"Na wewe Nyamizi? Mbona mweupe?"
Nikasema nitabaki, simu ya ofisi ipokelewe na nani.
Simu yenyewe iliharibika Oktoba.

Sikumwambia
kwamba Desemba ile mama yangu aliugua kweli, kule Sikonge,
na mimi, mwenye daftari,
niliyewahi kuzicheka sababu zenu kwa sauti mpaka chai ikanipalia,
niliona haya kuliandika neno lile chini ya ya kwenu.
Nikaandika: shughuli binafsi. Siku mbili.
Nikapewa mbili.
Nikampikia uji, nikamsuka nywele nusu kichwa,
nikamwambia nusu nyingine nitakuja kuimalizia.
Alikata roho siku ya tatu,
mimi nikiwa mezani hapa
nampigia mhuri Msabaha, mama yake mgonjwa,
yule mama ninayemwona sokoni kila Jumamosi
akibishana bei ya karanga.

Treni imeingia sasa hivi. Nasikia vyuma vinagongana,
Ruhuza anapiga kelele "Rudi! Rudi kidogo!"
na kuku wa abiria fulani wanamjibu.

Nimefungua ukurasa.
Safu ya pili: majani ya kaburini.
Kwa mvua hizi yatakuwa yamefika kiunoni.
Safu ya tatu: nne.
Kwa jembe, hata moja ingetosha.
Hizo nyingine, mpaka kumi na moja,
sijui nitazifanyia nini.
Labda nitakaa.