Dede

Siku ya kwanza walinyamaza, wakafungua madaftari:
walidhani mwalimu ndiye mimi, mwenye mvi.
Nikaenda kiti cha nyuma,
miwani imejaa ukungu.

Tartu giza huingia saa tisa alasiri.
Ukurasa mmoja naurudia mara tatu
na bado wanikatalia, kama kufuli lililoota kutu.

Jana niliteleza mbele ya duka la mikate.
Bi Leida wa ghorofa ya chini, miaka sabini na tisa, hakucheka;
alipiga magoti thelujini,
akanifunga viatuni mpira wenye misumari,
akanipa vidole viwili nishike.
"Samm," akasema. Hatua.
Samm.

Usiku binti yangu akapiga simu:
mjukuu wako leo kasimama dede!

Nami, nikamwambia.
Nami.