Bilauri ya Kwanza

Chuo kilitupa ghala la dagaa wa makopo
na ufunguo mmoja,
ambao Profesa Huenchumil aliuvaa shingoni kwa kamba ya kiatu.
Tulisugua sakafu siku tisa. Harufu haikutoka.
Kibao tukakitundika hivyo hivyo:
Kituo cha Utafiti wa Kuondoa Chumvi Majini.

Hapa Taltal mvua ni habari za watu wa kusini.
Baba yangu, Eleuterio, aliendesha lori la maji
miaka thelathini na moja, kilima hadi kilima,
akipima kwa ndoo, akidai, akidaiwa.
Nyumbani tulioga wa mwisho.
Mtoto wa muuza maji hamwagi hata la uso.

Pampu ya kwanza ilikohoa, ikazima.
Ya pili ilikuja kwa mkopo, pamoja na barua tatu za bodi
zikitaka matokeo kabla ya umeme.
Utando ukapasuka. Tukaanza tena.
Halafu, Alhamisi moja, bomba jembamba likaanza
tone, tone,
kama bahili anayelipa deni mbele ya mashahidi.

Nikampelekea Baba bilauri.
Akainusa. Akanywa yote.
"Hayana ladha," akasema, "kama mtu asiye na kwao."
Kisha akauliza jambo lisilomo
katika kurasa mia za andiko letu:
"Na hiyo chumvi mliyoitoa,
mnakwenda kumtupia nani?"

Nimeliandika ubaoni, juu ya hesabu zote.
Profesa kalisoma mara mbili,
kavua ufunguo shingoni, kanipa.
"Kesho fungua mapema."