Chumba cha Kuonjea

Vikombe hamsini, meza ya duara,
na kati yangu na Ndekirwa
nafasi ya kupitisha ng'ombe.

Ilianza Machi, kwa sampuli moja ya Uru.
Mimi niliandika: ndimu, asali, safi.
Yeye akaandika: chachu, imenyeshewa.
Angeniita pembeni ningemsikiliza.
Alisema kikaoni, mbele ya wanunuzi,
"Ulimi wa Mama Elifuraha umezeeka,"
wakacheka kidogo, kile kicheko cha adabu,
nami nikacheka pia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo:
nilicheka.

Sasa kuna mabirika mawili.
Kijiko changu nakifunga kitambaani, narudi nacho Pasua
kama mtu anayelala na panga.
Tunavuta, tunatema, tunaandika.
"Mwambie mwenzako maji yamepoa."
Mwenzako yuko hatua mbili.
Anayetumwa ni Ombeni, mwosha vikombe,
miaka ishirini na moja, anabeba maneno yetu
pamoja na maji machafu,
na jana nilimwona nyuma ya ghala
akimeza kidonge cha tumbo, kikavu.

Niliipenda kazi hii hata Jumatatu.
Nikivunja ukoko wa kahawa, mvuke ukanipanda usoni,
ningekwambia shamba liko upande gani wa mto,
na kama mwenyewe aliianika kwa subira au kwa deni.
Siku hizi nanusa kikombe, namsikia Ndekirwa akikohoa,
basi, nimeonja kikohozi.
Nyumbani mtori nautia chumvi mara mbili.
Mume wangu anasukuma bakuli, hasemi.

Leo asubuhi mlima ulijitoa wote, mweupe,
hauna habari na mtu.
Kikombe cha thelathini na tatu: sikusikia kitu.
Si ndimu, si udongo.
Nikainua macho, mara ya kwanza tangu mvua zianze,
nikamkuta Ndekirwa kwenye kikombe hichohicho,
kijiko mdomoni, fomu yake tupu,
ananitazama kama mtu aliyepotea
anayeona haya kuuliza njia.

Ombeni akasimama na beseni lake.
Kuna mkulima, Kibosho labda, labda Uru,
anasubiri alama zetu alipe ada ya mtoto.

"Wewe umepata nini?"
Sauti yangu ilitoka na kutu.

Hakujibu, bado. Birika ndilo lililopiga kelele,
sikumbuki kama lilikuwa lake au langu.